Fundi Aliyeonja Ukuta wa Bafu Langu

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa mzazi wa wiki tatu, nimefunga kitenge kifuani, na nilikuwa naoga jikoni kwenye beseni, nyuma ya khanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba. Fundi alikuwa ndani ya bafu langu siku ya tisa. Aliambiwa tatu. Nikaenda kuchungulia nikitegemea kukuta lipu mpya, hata ya upande mmoja tu, nipate moyo. Nikamkuta kapiga magoti kwenye kona, ndala kaziacha mlangoni, macho kafumba, sikio kalibandika ukutani.

"Fundi, unasikiliza nini humo? Taarifa ya habari?"

Akainua kidole. "Shii. Huyu anaongea."

Basi. Nilimpa mama yangu mtoto, nikaingia, nikaokota nyundo yake sakafuni, nikaupiga ukuta ule kwa nguvu zote nilizokuwa nimebaki nazo. Nilitaka kumwonyesha kwamba ukuta ni ukuta, haugombi wala hauugui, unapakwa lipu watu wanaoga. Nyundo haikugonga kitu. Ilizama, kama vile nimepiga gunia la pumba. Nilipoivuta, lipu yote ya upande ule, kuanzia juu ya kichwa changu mpaka chini, ilitoka kwa pamoja kama shuka linavyoanguka kwenye kamba. Fundi alinidaka mkono akanitupa mlangoni.

Vumbi lilipotulia tukaona. Pale kwenye kona, ambapo kabla Fundi hajaja nilipanga niwe naweka beseni la mtoto, palikuwa na rundo la kunifika magotini, vipande vingine vinene kama ubao. Nyuma yake matofali mabichi yalikuwa yamegeuka tope. Mama yangu alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilikaa chini hapo hapo kwenye korido nikalia, na sikulia kwa huzuni.

Fundi alikung'uta kofia yake. "Nilikuwa nataka kumtoa taratibu," akasema. "Lakini si vibaya. Nipe nyundo yangu, mwanangu."

Ninayaandika haya nikiwa na hasira, sitaficha. Ila si hasira ya kumkasirikia yeye. Hiyo iliisha zamani.

Kwanza niseme kuta zenyewe, maana bila kuzielewa huwezi kumwelewa mzee huyu. Kota zetu hapa Mpanda ni za zamani, zilijengwa enzi za mkoloni kwa matofali mabichi, halafu zikavishwa lipu nyembamba ya simenti ili zifanane na nyumba za maana. Kila mwaka, wiki moja kabla ya Saba Saba, ofisi ya nyumba inaleta mapipa ya chokaa. Inapakwa nje, inapakwa ndani, jikoni, bafuni, hata shina la mpera uani linapata soksi nyeupe. Hakuna anayekwangua. Chokaa inakwenda juu ya chokaa. Mimi nilipoolewa nikaletwa hapa, kitu cha kwanza nilichomwandikia rafiki yangu niliyemaliza naye kidato cha nne ni kwamba nina bafu jeupe kama theluji, ambayo sijaiona. Sikujua kwamba weupe ule ndio uliokuwa umebaki. Kilichokuwa nyuma yake kilishakufa.

Halafu ikaja habari kwamba mabomba ya maji yatafika kota, na kila bafu litafanyiwa ukarabati: bomba, sakafu mpya, niru, ile simenti laini ya kung'aa, mpaka kifuani. Fundi akaletwa kuandaa kuta. Kila mtu alimwita hivyo tu, Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote wa mji huu walikuwa wanaigiza. Alikuwa anatoka upande wa Kabungu kwa baiskeli, asubuhi ya baridi ya Juni, kajifunga kanga ya mke wake shingoni, karai kalifunga nyuma, ndani ya karai mwiko, tindo, nyundo, brashi ya waya, na kipande cha mkaa ndani ya kopo la kahawa.

Mkaa ule ulikuwa kalamu yake. Hakujua kusoma, mwenyewe alisema bila aibu. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, kama daktari anavyogonga kifua. Panapoitika sauti ngumu, anapita. Panapoitika sauti ya debe tupu, anachora msalaba. Na alikuwa anawataja kwa sauti, mwenyewe, bila kumwambia mtu: "Huyu mzima. Huyu mzima. Huyu mgonjwa, tutaona. Huyu marehemu. Huyu marehemu. Huyu naye marehemu, na ndugu yake." Mwisho wa siku ya kwanza bafu langu lilikuwa na misalaba kama makaburi ya misheni, na mama yangu alikataa kuingia.

Alikuwa pia anaonja. Kuta zetu chini zinatoa unga mweupe, unakwangua kwa kucha unadondoka. Mimi nilidhani ni chokaa inayobanduka. Yeye aliugusa kwa kidole, akaulamba.

"Fundi! Ni uchafu huo!"

"Magadi," akasema, akitafuna midomo. "Maji yanapanda kutoka chini, yanabeba magadi, yakifika hapa yanayaacha. Hii lipu unaiona imekaa, haijakaa. Imesukumwa. Ukiweka mpya juu ya magadi, Krismasi unaiokota sakafuni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunasubiri akauke."

Neno hilo, tunasubiri, nililichukia kuliko neno lolote la Kiswahili. Kwa sababu hata baada ya siku ile ya nyundo, baada ya kuona kwa macho yangu, bado alinisubirisha. Alitoa marehemu wote. Alichimbua matofali yaliyooza moja moja kwa tindo, kwa mkono mwepesi kama anamtoa mtu mwiba, akaweka ya kuchoma mahali pake. Alikwangua mapengo kati ya matofali kwa kina cha nusu kidole. Akaosha ukuta kwa brashi na maji safi, akaacha ukakauka, magadi yakatoka tena, akayafuta tena, akaosha tena. Mara tatu! Jua la kiangazi kali, upepo upo, na yeye anakaa uani juu ya karai lililopinduliwa, anakula muhogo wake wa kuchemsha, anautazama ukuta kupitia mlangoni kama mtu anayengoja treni ambayo ana hakika itafika.

Chakula changu alikuwa hali. Hilo lilimuudhi sana mama yangu, Mpimbwe wa watu, ambaye mgeni kuondoka bila kula kwake ni sawa na kutukanwa.

"Baba, ugali upo, kuna na samaki."

"Asante, dada. Nikila hapa nitaona haya kuwaambia ukuta haujakauka. Nitakula ukiisha."

Na kweli ulipoisha alikula, alikula sahani tatu, mama akawa anamtazama kwa furaha kama amejifungua yeye.

Baada ya kukauka nilidhani sasa ni lipu. Hapana. Aliuchukua ukuta mzuri, ule wa sehemu nzima, uliokuwa umebaki laini na safi, akaanza kuuchanja kwa tindo, chale kwa chale, mpaka ukawa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilipiga kelele.

"Ule mzima sasa unauharibu kwa nini?"

"Laini haishikani na laini. Lazima mpya apate mahali pa kushika." Halafu akacheka. Alikuwa na meno machache lakini aliyatumia yote. "Mama Edita, wewe umesoma. Huko shuleni hawakuwachanja?"

"Walituchapa."

"Basi ni hivyo hivyo. Ndiyo maana imekushika."

Mtu angeweza kudhani alikuwa mpole kwa wote. Hapana. Kwa kuta alikuwa na subira ya mtawa, kwa watu alikuwa na kisirani. Akimwona kijana anachanganya simenti na mchanga wenye udongo alikuwa anaweza kumtukana mpaka mtaa wa pili wakasikia. Kofia yake ya majani hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mume wangu, Baba Edita, ambaye ni karani na anapenda mambo yaende kwa maandishi, alimwomba mara moja ampe orodha ya hatua za kazi na siku zake. Fundi alimchukua kwa mkono, akampeleka bafuni, akaubandika uso wa mume wangu ukutani.

"Baridi au joto?"

"Baridi," akasema mume wangu, pua imepinda.

"Ikiwa joto, andika."

Kuanzia siku hiyo Baba Edita kila akitoka kazini alikuwa anapita bafuni kuweka shavu lake kwanza, kabla hajamwona mtoto. Siku aliyotoka akisema "Joto!" tulicheka wote, hata Edita alishtuka.

Na nyumbani kwake? Nilikwenda mara moja Kabungu, mke wake alipougua, nikapeleka sukari. Bafu la Fundi lilikuwa ua wa mabua, umeinama upande wa magharibi, na jiwe moja la kusimama. Nyumba yenyewe ina ufa ungeweza kupitisha mkono. Nilimwambia. Akautazama ufa kama anaukumbuka kwa mbali. "Huyu namjua," akasema. "Huyu hana haraka." Mke wake kitandani akasema kwa sauti ya kuumwa lakini kali, "Miaka kumi na moja anamjua."

Lakini jambo lililonifanya nimwelewe si hilo. Ni siku aliyotoa kipande kinene cha chokaa kutoka juu ya mlango wa bafu langu, kikatoka kizima, akakigeuza ubavu akanionyesha. Kilikuwa na mistari mistari, mstari mweupe, mstari wa moshi na uchafu, mweupe tena, kama tabaka za mkate wa kusukuma. Akaanza kuhesabu kwa ukucha.

"Hii ya mwaka jana. Hii ya mwaka juzi, chokaa ilikuwa mbaya, ona, ya kijivu. Hii tulichanganya na chumvi. Hii mvua ilitukuta."

"Umejuaje yote hayo?"

"Ni mimi niliyepaka."

Nilidhani sikusikia. Akarudia, bila kunitazama. Miaka yote hiyo kabla ya Saba Saba, vibarua wa ofisi ya nyumba walikuwa yeye na wenzake. Bafu langu, jiko langu, kota zote.

"Na ulikuwa unagonga?"

"Nilikuwa nagonga."

"Na unasikia?"

"Nasikia."

"Na unapaka?"

"Napaka." Akakiweka kile kipande chini polepole. "Kibarua akisema ukuta unaumwa, Mama Edita, analetwa kibarua mwingine asiyesema. Nilikuwa na watoto sita."

Nikamwambia maneno. Sitayaandika, mtoto wangu atakuja kujua kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kuhusu nyumba namba mbili. Ukuta wa bafu ulianguka mchana, wiki mbili baada ya yeye kuupaka, ukiwa mweupe unang'aa. Hakukuwa na mtu ndani. Ilikuwa ndoo tu, ikabonyea ikawa kama sahani. Mwenye nyumba alimwita aje azoe kifusi, na yeye alipoiona ile ndoo aliketi juu ya kifusi akaipakata. Toka hapo, akasema, hawezi kupita karibu na ukuta bila kuweka sikio.

Sikumsamehe siku ile. Nilimsamehe siku ambayo bafu liliisha, bomba likatoa maji, likakohoa kwanza kutu halafu yakaja meupe, nikafunga mlango. Mlango! Nikakaa chini kwenye sakafu mpya, nikaegemeza mgongo wangu wote kwenye ukuta, nikamweka Edita mapajani, nikayaacha maji yakatutiririkia sote wawili. Nikaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukaitika mgumu, hapa, pale, mpaka juu. Sijui kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kulala usingizi bafuni. Mimi nililala, mama yangu akaja kunigongea akidhani nimezirai.

Imepita miaka minne. Nimeogesha watoto wawili humo. Ukuta haujatoa hata ufa wa nywele. Fundi alikuwa anapita kila mara, anaacha ndala mlangoni, anasalimia ukuta kwanza, halafu mimi. Na mimi nimeambukizwa. Nikienda kwa watu nagonga kuta zao huku nazungumza, mume wangu ananiminya mkono.

Ila ukarabati ulifika nyumba tatu ukasimama. Wakasema vifaa hakuna. Nyumba zilizobaki zimerudi kwenye chokaa, na Fundi kwenye kibarua cha kupaka.

Wiki iliyopita nilikuwa nampelekea uji Mama Shija wa nyumba namba tano. Ni mtoto wa watu kutoka Usukumani, ana mtoto wa siku kumi na mbili, hana mama karibu. Nikasikia sauti bafuni kwake. Nikaingia. Mkaguzi wa nyumba alikuwa amesimama na daftari, kijana amevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi, na Fundi mbele yake na ndoo ya chokaa na brashi. Fundi amezeeka. Mkono wa kushoto unatetemeka. Ukutani alikuwa ameshachora misalaba, mingi kuliko ya kwangu.

"Mzee, hiyo mikaa unanichafulia," Mkaguzi anasema. "Wageni wanapita Jumamosi. Paka."

"Ndugu Mkaguzi, huyu ni marehemu kuanzia hapa mpaka kule. Mama huyu ana kichanga."

"Sijakuuliza kichanga. Nimekuuliza chokaa. Unapaka au nimlete mwingine?"

Fundi alichovya brashi. Niliona kabisa akiichovya, chokaa inadondoka kwenye miguu yake mitupu. Mkono umeinuka. Mama Shija yuko mlangoni na mtoto, anatazama tu, hajui wanabishana nini.

Halafu Fundi akaishusha brashi ndani ya ndoo. Akaisukuma ndoo kwa mguu, taratibu, mpaka ikafika mbele ya viatu vya Mkaguzi.

"Mlete," akasema. "Lakini wewe mwenyewe usisimame hapo ulipo, utaumia."

Mkaguzi alirudi nyuma hatua mbili kabla hajajijua. Mama Shija akacheka, halafu akaziba mdomo. Kijana yule akaandika kitu kwenye daftari, akasema mzee asije kesho wala kesho kutwa, akaondoka.

Nilidhani nitamkuta Fundi amevunjika. Tulimkalisha uani, nikamwekea uji wa Mama Shija, akaunywa wote, kwenye nyumba ambayo kazi haijaisha, bila hata kukumbuka kukataa. Mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia.

"Nimekataa, mwanangu," akasema. "Umeona? Mbele ya watu!"

"Nimeona, baba."

"Nilidhani nitatetemeka. Huu mkono ndio unatetemeka, mimi mwenyewe hapana." Akacheka peke yake muda mrefu. Halafu akanigeukia akawa Fundi tena, na kisirani chake. "Sasa wewe umekaa unanitazama nini? Mimi yangu nimemaliza, nimesema kwa mdomo. Wewe una kalamu."

Nilirudi nyumbani, nikamwambia Baba Edita aangalie watoto, nikakaa mezani. Barua ya kwanza niliichana, ilikuwa matusi matupu. Ya pili hii hapa, nilivyoipeleka kwa mkono wangu leo asubuhi na kugongewa mhuri wa kupokelewa.

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Nyumba,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTA ZA BAFU NA KUSIMAMISHWA KWA FUNDI

Mimi ni mkazi wa kota, nyumba namba tisa. Nalalamika rasmi kwamba ofisi yako inapaka chokaa juu ya kuta zilizokufa, na kwamba mkaguzi wako ameambiwa hivyo na fundi mwenye ujuzi, mbele yangu na mbele ya Mama Shija wa nyumba namba tano, akaamuru zipakwe. Ukuta wa nyumba namba mbili ulikwisha kuanguka. Wa kwangu ulianguka miguuni pangu. Ofisi haiwezi kusema haikujua.

Fundi aliyesimamishwa hakugoma kazi. Alikataa kuficha hatari. Naomba arudishwe, na naomba kuanzia sasa ukuta wowote usipakwe kabla yeye hajaugonga. Anayesema hiyo ni kupoteza muda, aje aoge namba tano yeye mwenyewe, tutamshikia taulo.

Wamama saba wa kota wameweka saini chini ya barua hii, na watatu wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Sote tunajua tulichosaini, niliwasomea mara mbili.

Sisubiri majibu ili mtoto aoge. Mama Shija na kichanga chake wanaogea kwangu kuanzia jana. Maji yapo, mlango unafungika, na ukuta ni mzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama Edita